Kibodi ya Marehemu Badu

"SERWAA."

Herufi zilijitokeza kwenye kioo moja moja, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Serwaa alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani. Saa saba mchana, jua linachoma bati, na mbele yake kulikuwa na tangazo la msiba wa mzee mmoja wa Mampong. Jina lake Serwaa lilikuwa limeangukia katikati ya majina ya wafiwa.

"Badu," alinong'ona. "Ni wewe tena, mume wangu?"

"NI MIMI."

Badu alikuwa na miezi kumi na tatu kaburini. Duka hilo la kuchapa matangazo ya misiba, pale Kumasi, lilikuwa lake, na kibodi yake isiyo na waya aliipenda kuliko viatu vyake. Ndiyo maana siku ya mazishi Serwaa alisema, "Mwekeeni ubavuni. Huko aendako asikae bure." Kwa kuwa mjane hasogelei jeneza likifungwa, alimkabidhi Nkansah, rafiki wa marehemu, mpiga picha ambaye studio yake imetenganishwa na duka hilo kwa ukuta wa mbao tu.

Serwaa akaanza kutumia kibodi ya waya. Lakini kile kidude kidogo cha kupokea mawimbi ya kibodi ya Badu alikiacha kimechomekwa nyuma ya kompyuta. Hakuwa na moyo wa kukichomoa.

Wiki iliyopita, herufi zilipoanza kuja, alipiga magoti hapo hapo dukani akatoa lililokuwa likimla.

"Siku ile ulinipigia mara nne, Badu. Niliiona simu. Nilikuwa na hasira na wewe, nikaifunika kwa kitambaa. Ukafia barabarani huna wa kukusikia. Nisamehe."

Alisubiri akiwa bado amepiga magoti. Kisha:

"NIMEKUSAMEHE."

Usiku huo alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu afiwe. Kanisani alitoa sadaka ya shukrani, asiseme ya nini.

Sasa herufi zilikuwa zinakuja tena.

"MKUBALI NKANSAH."

Simu ikalia papo hapo. Ujumbe wa Nkansah: "Shemeji, Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu kubisha hodi na vinywaji, kukuposa. Kusema kweli tangu juzi chakula hakipiti."

Serwaa alicheka peke yake, akafuta machozi, akampigia mama yake mdogo, Konadu.

"Huyo mwanaume unamtaka au humtaka?" Konadu aliuliza.

"Namtaka, mama mdogo. Hata Badu ameridhia."

"Badu yupi?"

"Badu wangu. Ananiandikia."

"Weh! Wafu wetu sisi wanadai maji na kiazi kikuu cha kupondwa. Huyu wako tangu lini amegeuka mshenga?"

"Mama mdogo, usicheze na marehemu."

"Sichezi mimi. Nauliza nani anacheza."

Neno hilo lilibaki sikioni kama mbu.

Alhamisi printa ilikataa kufanya kazi. Serwaa akabeba kompyuta hadi kwa fundi Issah. Issah aliigeuza, akakiona kile kidude.

"Dada Serwaa, kibodi ya hiki iko wapi?"

"Kwa mwenyewe. Kaburini."

Issah alianza kucheka, akamwona uso, akaacha.

"Basi kichomoe, dada. Vitu hivi vinasikilizana kwa karibu tu. Hatua kumi, vikijitahidi sana kumi na tano. Ukuta wa mbao vinapenya. Lakini udongo na saruji, na umbali wote ule hadi makaburini? Hapana."

"Na anayeandika, anaona kioo changu?"

"Ataonaje? Kibodi inatuma tu."

"Kwa hiyo nikimjibu..."

"Labda umjibu kwa sauti, naye awe na masikio."

Serwaa alikigusa kile kidude kwa ncha ya kidole.

"Kiache mahali pake, Issah," alisema mwishowe. "Kama kilivyo."

Ijumaa mchana alifungua duka, akakaa, akangoja. Jina lake lilipotokea kwenye kioo, alisema kwa sauti ya kusikika:

"Badu, unamkumbuka mtoto wetu tuliyempoteza?"

Nyuma ya mbao, kigoda kililia. Kisha herufi zikaja, polepole kuliko siku zote:

"NAMKUMBUKA. NIKO NAYE HUKU. AMETULIA."

Serwaa na Badu waliomba mtoto miaka tisa. Mungu hakuwapa hata mimba moja ya kuharibika.

Alivua viatu, akazunguka nje, akafunua pazia la studio. Nkansah alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo, sikio limegusa mbao, kibodi magotini. Herufi A na E zilikuwa zimefutika. Zilifutwa na vidole vya Badu.

"Nkansah."

Kibodi ilimdondoka.

"Shemeji..."

"Nilikupa umwekee ubavuni."

"Nilishindwa. Haki ya Mungu nilishindwa. Nilimwona Badu kama bado yumo ndani ya kibodi. Nikaificha ndani ya koti."

"Ukaanza kuniandikia."

"Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya! Nilikuwa naifuta vumbi. Nikasikia ukiita, 'Badu, ni wewe?' Kwa ile sauti... Ningekwambia nini? Ningekwambia hapana?"

"Ungeniambia hapana."

"Nakupenda, Serwaa."

"Najua. Nami nilishakukubali kabla hujaniandikia hivyo. Ungekuja na mdomo wako tu." Aliitazama ile kibodi sakafuni. "Lakini nilipopiga magoti, nikasema habari ya simu. Aliyenisamehe ni nani?"

Nkansah alitazama chini.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Nilitaka ulale."

"Nililala. Sasa nitalalaje?"

Jumamosi wazee walifika hata hivyo, maana Serwaa hakumwambia mtu. Chupa zilipangwa juu ya meza. Konadu, kama ilivyo desturi, akamgeukia.

"Serwaa, mwanangu, wageni wameleta vinywaji. Tuvipokee?"

Serwaa alikaa kimya. Watu wakatabasamu, mwanamke hakubali mara ya kwanza.

"Serwaa, tuvipokee?"

Serwaa alizitazama chupa. Mjomba wa Nkansah akakohoa. Ndipo Nkansah akasimama, jasho linamtiririka.

"Mama, usimuulize tena. Mimi niliiba kitu cha maiti. Nikaongea na Serwaa kwa jina la Badu. Kosa ni langu, si lake."

Mtu mmoja akasema, "Eh, Mungu wangu!" Mjomba alifunika uso kwa kofia.

"Kaa chini," Konadu alisema. "Mila ni mara tatu. Serwaa, tuvipokee?"

"Msivipokee, mama mdogo."

"Binti," mjomba alisihi, "kijana ametubu mbele ya watu. Huwezi kumsamehe?"

"Nimemsamehe, mzee. Nimesema kwa kinywa changu, naye amenisikia. Lakini alinisikia nikitubu kwa mume wangu, akajibu yeye. Siwezi kulala naye chumba kimoja. Kila akinyamaza, nitasikiliza ukuta."

Vijana wakazirudisha chupa kwenye kreti, moja moja, bila kuzigonganisha. Nkansah alitoka wa mwisho. Mlangoni alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Konadu alivuta kiti, akakaa karibu na Serwaa, akamshika kiganja.

"Na Badu?" aliuliza taratibu. "Naye tumwambieje?"

Serwaa alitazama ua uliokuwa wazi, viti vya wageni vimeachwa ovyo.

"Nimeshamwambia, mama mdogo," alisema. "Badu hajanijibu bado."