Umeitika, Kaluci

Jini baya ni la mchana. La usiku mtu hujifunika blanketi akalisubiri; la mchana linamkuta mikono imejaa unga.

Lililomjia Luciana lilianza kwa harufu. Saa kumi alasiri, mumewe Zenon akiwa shambani nyuma ya nyumba, akifukia nyasi kwenye matuta ya ulezi, chumba chao kilinuka gongo, kali, kana kwamba imemwagika dakika ile. Luciana alipekua chini ya kitanda, kichanjani, hadi ndani ya viatu. Hakukuta hata kizibo.

Na Zenon alikuwa ameacha pombe. Walipohamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara ya kwenda Muze, wapikaji wa gongo walibaki wamejificha kwenye mahame ya kijiji cha zamani. Siku mbili bila kunywa, Zenon akaanguka, akatetemeka, akawa anapigana na siafu ambao hawakuwapo. Mganga wa zahanati, Ambakisye, mtu wa Mbeya aliyeletwa na serikali, alimlaza siku nane, akamchoma sindano za kumtuliza na za vitamini, na siku ya tisa akamrudisha akitembea mwenyewe.

Mwili ulirudi, kicheko kikabaki huko. Miezi mitatu sasa Zenon alikula alichopewa na kukaa alipowekwa. Mtoto wao Gaudensi alijaribu kumchekesha kwa kila alichojua, baba akamtazama tu. Tangu uchumba alimwita mkewe Kaluci. Sasa alimwita Mama Gaudensi, kama jirani. Kisimani wanawake walimpongeza Luciana kwa kumpata mume mpya. Aliitika asante, kisha akalia njiani na ndoo kichwani, maana alimkumbuka mlevi wake, na aliona haya kumkumbuka.

Siku ya tatu ya ile harufu, ndipo sauti ilipokuja.

"Kaluci."

Ilitoka chumbani, nyuma ya mlango, na ndani yake mlikuwa na kicheko. Sauti ya Zenon. Luciana alichungulia dirishani: Zenon alikuwa pale pale shambani, mgongo umeinama, jembe linapanda na kushuka.

Kesho yake alikwenda zahanati.

"Shikamoo, bwana mganga."

"Marahaba, Mama Gaudensi. Karudia?"

"Hajarudia." Alishusha sauti. "Ni jini lenyewe linaniita. Kwa sauti yake."

Ambakisye hakucheka. Aliinuka akafunga mlango.

"Umeitika?"

"Bado."

"Usiitike. Sikiliza, mama. Pombe imemkaa kichwani miaka kumi na miwili. Ndiyo iliyokuwa inampikia furaha, ubongo ukaacha kujipikia. Tumeifukuza, na jiko limepoa. Litawaka, ila polepole. Mwaka, pengine miwili. Na ile njia aliyoikanyaga kila siku saa kumi bado imo humo kichwani. Haifutiki. Tunaiacha iote nyasi."

"Kwa hiyo ni ugonjwa, siyo jini?"

"Wazee wa kwetu wangesema pepo. Mimi shuleni nilifundishwa ubongo. Sharti ni lile lile: lisipate wa kuliitikia."

"Na kicheko chake?"

"Kitakuja cha kwake mwenyewe. Msubiri."

Akasubiri. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila saa kumi sauti ilizidi kuwa tamu, ikimkumbusha mvua iliyowakuta Milanzi wakiwa wachumba, ikimtajia wimbo ambao Zenon huyu wa sasa alikuwa ameusahau, ikisogea kutoka nyuma ya mlango hadi mezani, kutoka mezani hadi begani pake, na yeye amefumba macho anasonga ugali, ameuma ulimi, harufu ya gongo ikimpanda puani hadi sufuria akaiona mbili.

Jumapili moja Gaudensi aliteleza kwenye matope, na mdomo wa Zenon ukacheza kidogo upande mmoja. Luciana aliona. Laiti angengoja misimu miwili tu ya mvua.

Jumatatu, saa kumi, sauti ilisema taratibu, "Kaluci, umenichoka?"

"Abee," akasema Luciana.

Harufu ikakatika. Nyumba ikawa kimya. Kisha kule shambani Zenon akacheka, kicheko kipana cha zamani, na Luciana akafurahi. Ndiyo, alifurahi, kwa muda wa mtu kufuta mikono. Halafu akamwona mumewe ameliacha jembe kwenye tuta, anampita Gaudensi bila kumtazama, ameshika njia ya mahame.

Alimkimbilia, akamkamata shati.

"Baba Gaudensi, unakwenda wapi?"

Zenon aligeuka. Macho yalikuwa yamejaa mapenzi.

"Si umeniitikia mwenyewe, Kaluci?"

Akamtoa vidole kwenye shati, kimoja kimoja, kwa upole, akaenda zake.