Doa la Mbele

Ukitaka kujua hali ya mtoto mchanga, muulize anayefua nepi zake. Mimi nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Doa la chai nalijua, la kutu nalijua. Na mahali doa lilipokaa hunieleza mengi.

Binti yangu alishikwa na uchungu ghafla, akajifungulia nyumbani. Mtoto wa kiume!

"Mume wangu kafika," nikasema.

Mkwe wangu ni fundi bomba, na hapitwi na utani. "Mama, huyu hana hata jino. Atakutunzaje?"

"Hata wewe ulianza hivyo hivyo."

Asubuhi yake nilikuwa kwenye karai, nafua. Nepi ya kwanza ilikuwa na doa la kijani.

"Mama, amepata choo!" binti yangu akaniambia kutoka ndani.

Nikafurahi. Lakini nikaitazama tena ile nepi. Doa lilikuwa mbele, penye mkojo. Nyuma palikuwa peupe pe. Nikachukua nepi ya pili. Vilevile. Nikajiuliza: choo cha mtoto huyu kinafikaje mbele bila kupita nyuma?

Kufika mchana tumbo la mtoto lilikuwa limekaza kama ngoma. Akinyonya, anatapika. Matapishi yakawa ya kijani.

"Kafunga choo," mkwe wangu akasema. "Bomba likiziba, unazibua. Jirani kasema tumtie kipande cha sabuni huko nyuma."

"Kafungaje choo, na nepi ina choo?"

"Mama nawe na nepi zako!"

"Ngoja kwanza. Nataka kuona hiyo sabuni itaingilia wapi."

Nikamlaza mtoto penye mwanga, nikamwinua miguu. Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena. Palikuwa na kibonde kidogo tu, kama alama ya kidole kwenye unga. Tundu hakuna.

"Njoo, fundi. Niambie utazibua nini."

Akainama. Sabuni ikamponyoka.

Binti yangu akaangua kilio. "Nimekosa nini mimi? Nilikula nini?"

"Utalia njiani, mwanangu. Mfunike mtoto, twende hospitali."

Muuguzi aliyetupokea hakushtuka. Hilo lilinipa moyo. Alimgeuza mtoto taratibu, akakiangalia kile kibonde, akapapasa mgongo. Nikamtolea nepi chafu niliyokuja nayo.

"Bibi, umefanya vizuri kuileta," akasema. "Mtoto huyu amezaliwa bila tundu la haja kubwa. Utumbo umeshuka, haukufika nje. Huyu wake umetobokea kwenye njia ya mkojo. Ndiyo maana doa liko mbele."

"Kumbe nepi inaweza kuchafuka, na njia isiwepo?"

"Kabisa. Kwa hiyo kila mtoto akizaliwa avuliwe, ageuzwe, atazamwe nyuma. Na aliyezaliwa nyumbani aletwe siku ileile."

"Ni kosa langu?" binti yangu akauliza.

"Hapana, mama. Hutokea mimba ikiwa bado changa. Si chakula, si laana, si jicho la mtu."

"Na ile sabuni?" mkwe wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Ungemuumiza bure."

Wakasimamisha kunyonya kwake kwa muda, wakamwekea dripu. Mpira mwembamba ukapitishwa puani hadi tumboni, hewa na uchafu vitoke. Wakampiga picha kuona utumbo umeishia wapi. Wakapima na moyo, figo na uti wa mgongo, maana kasoro hii wakati mwingine haiji peke yake.

Daktari wa upasuaji alipojua kazi ya mkwe wangu, akamweleza kifundi. "Bomba lenu limeishia ndani ya ukuta. Nikivunja leo kwa pupa, nitaharibu mengine. Kwanza nitatoa choo kupitia tumboni. Mtoto akipata nguvu, nitatengeneza njia ya nyuma. Ikishapona, nafunga ile ya tumboni."

"Yaani unachepusha kwanza! Hata sisi hufanya hivyo."

"Basi tumeelewana, fundi mwenzangu."

Kazi haikuwa nyepesi. Binti yangu alijifunza kusafisha lile tundu la tumboni kwa maji safi na kubadilisha mfuko wa choo. Mtoto alinyonya, akanenepa. Baada ya upasuaji wa pili tulifundishwa kupanua njia mpya kwa kijiti laini cha hospitali, isije ikasinyaa. Nani alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote? Fundi bomba. Daktari hakutuficha: huenda mtoto akafunga choo mara kwa mara, au akachelewa kujizuia. Kliniki haiachwi.

Lile tundu la tumboni lilipofungwa na tukarudi nyumbani, nikakaa tena kwenye karai langu. Nikafungua nepi. Nikavaa miwani.

Doa lilikuwa nyuma.

"Njooni!" nikapiga kelele. Binti yangu akaja mbio na mtoto kiunoni. Mkwe wangu akaja na spana mkononi. Tukasimama kulizunguka karai, tunatazama nepi chafu kama watu wanaomtazama bibi harusi.

"Mume wangu," nikamwambia yule mdogo, "nichafulie nyingine."