Namba Saba Kwenye Milango Miwili

Mtunza sampuli alikutwa kifudifudi kwenye ghala la maabara, kisogo kimepasuka, huku chupa za damu zimejipanga rafuni kama hakuna lililotokea. Daktari wa polisi aliupima mwili, akasema ameuawa kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi.

Maabara ile ilikuwa na desturi yake. Kila mlango ulikuwa na daftari, na hakuna aliyeingia bila kuandika saa na namba yake ya kazi. Mkuu wa maabara ndiye aliyeianzisha, akafoka miaka kumi na miwili mpaka mikono ya watu ikazoea.

Inspekta alipekua daftari la ghala, akaona namba ishirini na tatu imejirudia mara tatu ndani ya nusu saa ile. Ilikuwa ya mfagizi, mama wa watoto wanne. Akamtia mahabusu. Kesho yake angesomewa shtaka la mauaji.

Lakini roho ya Inspekta haikutulia. Jioni alibeba nakala za madaftari yote hadi kwa dada yake, mwalimu wa hesabu, ambaye utotoni alimfinya sana kwa ajili ya jedwali la saba.

"Umemkamata kwa lipi?"

"Namba yake imejirudia ghalani."

"Kwa saa ileile?"

"Hapana. Saa tofauti."

"Basi umemwonea, mdogo wangu. Mtu anaweza kurudi chumba kimoja hata mara mia."

Akachukua karatasi. Kwa kila mfanyakazi aliandika jozi: saa kushoto, chumba kulia. Kulia kujirudie kutakavyo, alieleza, ila kila saa ya kushoto iwe na chumba kimoja tu. Jozi za namna hiyo ndizo fankisheni.

"Na saa moja ikiwa na vyumba viwili?"

"Si fankisheni. Na kwa mtu mwenye miguu miwili, ni uongo."

Jozi za mfagizi zilipita salama. Wakaendelea namba kwa namba, chai ikipoa. Kwenye namba saba kalamu ya dada ilisimama.

Saa nne na dakika kumi na mbili, chumba cha baridi. Saa nne na dakika kumi na mbili, ghala.

Inspekta aliisogeza karatasi karibu na macho. Miaka ishirini ya upelelezi, na hajawahi kuona ukweli umekaa kimya hivyo, mistari miwili tu, haubishani na mtu. Alijiona mdogo mbele ya karatasi ile, na hakuona aibu.

Namba saba ilikuwa ya mkuu wa maabara.

"Kwenye daftari la chumba cha baridi niliandika mapema," mkuu alikiri kesho yake alfajiri. "Niliweka saa niliyopanga kuwa ghalani, ionekane nipo kule."

"Na la ghala?"

Aliufuata mwandiko wake kwa kidole. "Sikumbuki kuandika."

"Kwa nini ulimuua?"

"Nilibadilisha sampuli za wagonjwa wawili kwa makosa. Mmoja akawekewa damu isiyo ya kundi lake, akafa. Mtunza sampuli aligundua. Angenitaja."

Mfagizi alifunguliwa kabla mahakama haijakaa. Inspekta mwenyewe alimwomba radhi, naye akaenda zake kwa wanawe.

Mkuu alipewa maelezo yake atie sahihi. Akatia. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani na, bila kuambiwa na mtu, akaandika pembeni: saa kumi na mbili na dakika arobaini, namba saba.