Nani Alikunywa Mafuta ya Gari la Keki?

Jumamosi saa tatu asubuhi, gari la keki lilizimika katikati ya foleni, keki ya harusi ikiwa nyuma. Tangi kavu. Mjomba, mwenye duka, hakutaka maelezo.

"Alhamisi jioni niliweka mafuta ya siku tatu. Dereva ananiibia. Aende zake."

Dereva, waliyemwita Polepole, aliinamisha kichwa. Mpwa wa Mjomba, msichana mpambaji wa keki, ndiye aliyesema, "Mjomba, nipe mpaka Jumanne jioni."

Alianza na mlinzi wa yadi.

"Mimi? Nifyonze mafuta kwa meno haya mawili?"

Binti akainama akakagua. Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli, na ufunguo Mjomba hutembea nao. Chini hakukuwa na tone. Mlinzi akafutwa kwenye orodha.

Jumatatu waliweka mafuta, binti akapanda na Polepole. Dereva yule aliacha nafasi mbele, akiona taa nyekundu mbali anainua mguu kwenye mafuta, gari linaviringika lenyewe.

"Tuikimbilie ya nini, dada? Ikiwa nyekundu ni nyekundu tu."

Walipoifikia, ilikuwa kijani. Breki hakuigusa. Binti alimtazama kama anayetazama fundi akitarizi, akasahau kwamba anampeleleza. Jioni mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo tu.

Jumanne ilikuwa zamu ya Mjomba, ambaye huliendesha gari mwenyewe kila Jumanne na Ijumaa; binti akakaa pembeni yake. Mafuta yaliongezwa yakafika kiasi kilekile cha jana. Njia ileile, mzigo uleule. Kanyaga, breki. Kanyaga, breki. Lori moja la maji alilipita mara tatu, na kila penye taa likaja kusimama ubavuni mwao.

Waliporudi yadini, binti aliwaita wote. Mshale ulikuwa umelala. Akafungua mlango wa nyuma: keki zilizobaki zimebandikwa kwenye ukuta wa mbele.

"Mwizi ni mguu wako wa kulia, Mjomba. Unakunywa mafuta kupata mwendo, halafu unaumwaga wote kwenye breki. Ijumaa uliyamaliza wewe, Polepole akakuta masalia."

"Nilikuwa nawahi. Keki ikichelewa, anayeaibika ni mimi."

"Lile lori umelisalimia kwenye taa ngapi?"

Mlinzi akakohoa. Mjomba akamkabidhi Polepole funguo.

"Nilikukosea, bwana. Ijumaa utaniendesha."

Ijumaa alikaa pembeni ya dereva, mguu wake wa kulia ukikandamiza zulia kila taa ilipowaka.

"Bosi, hapo hamna kitu," Polepole alisema.

"Najua. Nauachisha kunywa taratibu."