Ukurasa wa Kwanza

Nisikilizeni, watu wa Kiplombe, na ninyi wengine mnaodhani jambo hili haliwahusu. Nitawasimulia habari za nyumba moja tu. Mkiona ninasema kwa hasira, mjue ni hasira kweli.

Oktoba ya mwaka wa 2007 mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai katika kila ua. Kila Jumamosi Mwalimu Jebet, aliyefundisha shule ya msingi, alipita nyumba kwa nyumba na begi la karatasi. Mumewe, Profesa Eliakim Kipkemboi, alikuwa mhadhiri wa uchumi chuo kikuu, na kwa miaka sita alikuwa akichunguza jinsi familia zilezile zinavyonunua chakula bei zikipanda na kushuka. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ua hata mmoja. Aliyekanyaga ni mkewe, kwa sababu watu walimjua na walimpenda.

Siku hiyo Jebet aliketi na jirani yake Mary, wakipukuchua mahindi huku wakiandika.

"Mmenunua sukari mara ngapi mwezi huu?"

"Andika mara tatu. Na uandike kwamba Johnstone anaweka vijiko vinne kwa kikombe kimoja. Serikali ijue."

Walicheka mpaka Johnstone, mumewe Mary, akachungulia kutoka zizini kuuliza kuna nini. Halafu Mary akaitazama ile fomu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mwenye nyumba, namba ya ploti, na mahali familia ilikotoka kabla ya kuhamia Kiplombe.

"Lakini haya mambo yetu yanaendanga wapi, Mwalimu?"

"Hayatoki nyumbani kwangu. Niamini."

"Nakuamini. Si ndiyo maana nakwambia?"

Kisha uchaguzi wa Desemba ukaja, na matokeo yakawagawa watu kwa kabila na kwa mahali walikotoka. Kilichofuata mnakijua. Wengine wenu mlikimbia na watoto mgongoni, na wengine, msinitazame hivyo, mlikuwa na mawe mikononi. Jebet alikuwa amempeleka binti yao Jeruto kwa nyanyake huko Kesses, na barabara zikafungwa akiwa huko. Aliporudi baada ya majuma mawili, nyumba ya Mary ilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Nyumba iliyopakana nayo ilikuwa nzima. Nyumba ya nne kutoka hapo ilikuwa majivu pia. Aliambiwa kwamba Johnstone alipigwa mlangoni kwake akafa, na kwamba Mary na watoto wako kambini kule uwanja wa maonyesho.

Akafunga unga, blanketi na sabuni, akaenda. Alimkuta Mary ameketi mbele ya hema. Mary hakuinuka.

"Rudisha vitu vyako."

"Mary, ni mimi."

"Najua ni wewe. Walikuja na karatasi mkononi. Kijana mmoja aliisoma pale mlangoni, jina la Johnstone na namba ya ploti. Nimeona mwandiko wako miaka sita, Mwalimu. Hata ile *J* yako yenye mkia niliiona."

Watu wa mahema ya jirani walikuwa wakisikiliza. Jebet akaondoka na furushi lake.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kazi cha mumewe. Sanduku la fomu lilikuwa mahali pake, limefungwa vizuri. Alifungua fomu ya kwanza, ikaanzia ukurasa wa pili. Ya pili vilevile. Fomu zote mia mbili na arobaini zilikuwa zimechanwa ukurasa wa kwanza, na zilichanwa kwa rula, bila haraka.

"Baba Jeruto, kurasa ziko wapi?"

Profesa alivua miwani. Alisema kwamba Felix, mtoto wa dada yake, alikuja na vijana thelathini wakitaka kujua nani ametoka wapi. Wakatishia kuchoma chumba kizima. "Hiyo ni miaka sita ya kazi, Jebet. Niliwapa ukurasa wa kwanza tu. Majina hayaingii kwenye hesabu. Data yote iko salama."

Hebu nisimame hapo kidogo. Mtu mwingine angetoa ng'ombe, angetoa simu, angeruka ua akimbie. Huyu msomi alikaa chini na rula akatenganisha watu na hesabu zao, akabaki na hesabu. Na mpaka leo naamini alidhani amefanya jambo la busara.

Jebet hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja tu: twende kambini, useme mbele ya Mary kwamba ni wewe uliyetoa.

"Nitasema. Ngoja kwanza makala ichapishwe."

Makala yenyewe ilihusu jinsi mapigano yanavyovuruga matumizi ya familia. Alikuwa na hesabu za kabla. Hesabu za baada alizipata kwa kutuma wanafunzi kambini, wawaulize walewale waliochomewa nyumba sasa wanakula nini. Wasomi wa nchi za nje waliisoma wakashangilia. Akaitwa Nairobi, akaketi kwenye kamati inayoshauri kuhusu riba, na baada ya hapo jina lake likaanza kutajwa kwa cheo cha naibu gavana wa benki kuu. Wachunguzi wa mauaji yale walipomuuliza habari za zile karatasi, alisema ziliibwa.

"Ngoja nithibitishwe," alimwambia mkewe kwa simu. "Ukisema sasa utanivunja."

Na Jebet aliishije huku? Waliorudi Kiplombe walimpa jina, Mama Listi. Akiingia dukani, maongezi yalikatika. Akiketi kanisani, benchi lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mary alijengewa nyumba ya bati ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi wanawake hao wawili walifungua milango yao wakaangaliana, kisha Mary akageuza uso. Jebet alikonda. Angeweza kumtaja mumewe mapema, ni kweli, na mimi simsafishi kwa hilo. Aliogopa, na aliliamini neno la mumewe.

Mwaka wa nne Profesa akathibitishwa. Hema nyeupe zikasimamishwa uani, mbuzi wakachinjwa, maziwa ya mgando ya mursik yakamiminwa, na spika kubwa zikakodishwa mjini ili Kiplombe nzima isikie hotuba. Asubuhi hiyo, akifunga tai, aliahidi: "Leo nitasema. Nikimaliza hotuba tu."

Alizungumza vizuri, tusimnyime sifa yake. "Benki kuu haina bunduki," alisema. "Ina neno lake tu. Ikisema bei zitatulia na wananchi wakaamini, nusu ya kazi imekwisha. Ikidanganya mara moja, itachukua miaka mingi kuirudisha imani hiyo."

Watu walipiga makofi. Jebet alishika ukingo wa kiti, akingoja. Mumewe alimtupia jicho, akaikunja karatasi yake taratibu, akaketi.

Basi Jebet akaingia ndani, akatoka na lile sanduku kifuani, akalibwaga mezani mbele ya wageni wa heshima. Maiki ilikuwa bado inawaka.

"Mimi ndiye mnayeniita Mama Listi. Mwandiko ni wangu. Aliyechana na kutoa majina ni huyu mliyekuja kumpongeza. Alimpa Felix. Karatasi hazikuibwa."

"Zimeni hiyo maiki!" Felix alipaza sauti. Mtu akawasha wimbo wa injili kwa nguvu. Lakini spika zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake, na Kiplombe nzima ilikuwa imesikia.

Jebet akatoka langoni, akavuka barabara. Mary alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Nimesikia," Mary alisema. "Kwa hivyo si wewe ulitoa."

"Niliandika mimi."

"Uliandika. Nikakuambia mwenyewe." Alifuta machozi kwa kiganja. "Ingia basi. Mvua inakuja."

Mnataka niwaambie Profesa alifungwa? Hakufungwa. Alimaliza muda wake Nairobi, akastaafu na gari na mlinzi, akarudi kuishi Kiplombe. Jebet alihamia Kesses kwa mama yake. Jeruto alipochumbiwa, wazee wa koito, sherehe ya posa, walipokelewa huko, mahari ikazungumzwa, na baba mzazi hakuitwa hata kuketi nyuma.

Agosti ya 2019 watu wa sensa walifika Kiplombe. Mzee wa mtaa aliyemsindikiza karani, binti mmoja aitwaye Ikra, ndiye aliyemsimulia Jebet. Mlangoni kwa Profesa, Ikra aliuliza usiku wa sensa walilala watu wangapi.

"Mmoja," akajibu Profesa.

"Jina, Mzee?"

Profesa aliikodolea macho tableti ya yule binti, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hilo jina langu litaenda wapi? Nani ataliona?"

"Haliendi popote, Mzee. Niamini."

Akaufunga mlango polepole, nao wakasikia komeo likishuka kwa ndani.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu akikuambia jina lake na mambo ya nyumba yake, amekupa maisha yake uyashike. Usimtoe ili kuokoa kazi yako, cheo chako wala elimu yako. Na ukishamtoa, usimwache mwingine abebe lawama huku ukisema ngoja kidogo. Profesa alingoja makala, akangoja cheo, na alipomaliza kungoja hakuwa na mtu wa kumwambia. Nanyi mliobeba zile karatasi siku ile, na mnajijua, mngali mnangoja nini?