Chumvi Kavu Ndani ya Injini

Saa mbili asubuhi Inspekta alikwangua chumvi kutoka kwenye injini ya boti ya wagonjwa, akaikinga kwa kifuniko cha kopo, akamsogezea Fundi puani.

"Nini hii?"

"Chumvi. Hata mtoto anajua."

"Imejaa kwenye njia ya maji ya kupoozea injini. Jana mchana injini iliungua katikati ya bahari, na mzee aliyekuwa anakimbizwa hospitali ng'ambo akakata roho humo humo botini. Kazi ya kuisukutua chumvi kwa maji ya bomba kila boti inaporudi ni ya nani?"

"Yangu. Na juzi jioni niliifanya."

Fundi alikuwa mwanamke wa maneno machache kwa aliowapenda na mengi kwa wasiomwamini. Jana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Leo, kabla hajavaa hata ovaroli, Meneja alikuwa amemsimamisha uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, akamwita muuaji kwa sauti ya mnadani. Sasa Meneja huyo huyo alikuwa ameegemea mlango wa karakana, mpole kama maji mtungini.

"Kiri tu, dada. Sema ulipitiwa. Nitakuombea wasikufunge miaka mingi."

"Nikiri nisilolitenda ili wewe upate usingizi? Thubutu!"

Akageuka kwa hasira na nusura ajikwae. Mpira wa maji ulikuwa sakafuni, umeviringwa bapa, duara juu ya duara, kama mkeka wa mviringo.

"Na nani kauacha mpira wangu chini? Mahali pake ni msumarini!"

Macho yake yalimwendea mdogo wa mumewe, mtunza stoo, mwenye funguo zote za pale. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu Fundi alipomfukuza asilaze pikipiki yake karakana.

"Usinitolee macho, shemeji," alisema Mtunza Stoo. "Sijaugusa."

Inspekta aliutazama ule mpira, kisha akauruka bila kuukanyaga.

"Wewe ndiye mwenye funguo," alimwambia Mtunza Stoo. "Boti ilivutwa ikafika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi. Tukaishusha injini, tukaileta humu."

"Mimi nilikuja kuufunga mlango kwa lakiri saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo ulikuwa wapi?"

Mtunza Stoo alizificha funguo nyuma. "Nilisaidia kumbeba marehemu mpaka kwao. Mlango... niliusahau wazi."

"Na una ugomvi na shemeji yako."

"Ugomvi wa pikipiki, afande! Nimwue mzee wa watu kwa ajili ya pikipiki?"

Fundi hakumpenda shemeji yake hata kidogo, lakini uongo wa mtu huyo aliujua, na huu haukuwa wenyewe. Aliikaribia injini, akachota chumvi kidogo, akaisugua vidoleni. Ilikuwa nyeupe pee, laini, na kavu kabisa.

"Inspekta, umewahi kuona chumvi inakaa kavu mahali panapopita maji mchana kutwa? Ya bahari huganda kama ukoko wa sufuria, unaipigania kwa patasi. Hii ni ya jikoni. Ingekuwemo jana wakati boti inakwenda, maji yangeiyeyusha kabla hawajatoka gatini. Imetiwa baada ya injini kufa."

"Mfa maji haachi kutapatapa," alisema Meneja.

"Basi ngoja nitapatape vizuri." Akashika spana. "Nifungue pampu ya maji huku chini, Inspekta?"

"Fungua. Taratibu, nione."

Boliti zililegea. Maji kidogo yalichuruzika, Inspekta akayakinga kwa kiganja, akayaonja. Akakunja uso, akaonja tena.

"Hayana chumvi."

"Injini imefia baharini," alisema Fundi kwa hasira, "imevutwa baharini, halafu tumboni ina maji ya bomba. Kuna mtu kaisukutua baada ya kuungua. Mtu hafui sanda kwa kupenda kufua. Alikuwa anaondoa kitu."

Ndani ya pampu, feni yake ya mpira ilikuwa imetafunwa mapanga yote. Fundi alipitisha kidole nyuma yake, kikatoka na punje chache za mchanga.

Hapo ndipo alipoingia binti wa marehemu. Inspekta ndiye aliyemwita. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio.

"Ndiye huyu?" aliuliza, akimwelekeza Fundi kidole. "Ndiye aliyemwua baba yangu kwa uvivu?"

Maneno yale yalimchoma Fundi kuliko yote ya Meneja.

"Bado tunatafuta, binti yangu," alisema Inspekta. "Ulikuwa botini. Kabla injini haijazima, uliona nini?"

"Nilikuwa nimempakata baba. Boti ilikwaruza chini, ikatikisika. Nikageuka nyuma, maji tunayoyaacha yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Haukupita muda, injini ikaanza kulia na kutoa moshi."

Mtunza Stoo na Fundi walitazamana. Kwa mara ya kwanza mwaka ule waliwaza jambo moja.

"Fungu la mchanga," alisema Mtunza Stoo kwa sauti ndogo.

Inspekta akamwita Nahodha. Mtu huyo walimpa jina la Ramani, kwa kuwa alijisifu kila siku kwamba hajawahi kugusa chini tangu ashike usukani. Aliingia kifua mbele.

"Jana ulipita wapi?"

"Njia ya kina, kama siku zote."

"Na boti ilipovutwa hapa, ulifanya nini?"

"Nilikwenda moja kwa moja msibani. Humu karakana sikutia mguu kabisa."

"Sawa." Inspekta aliinama, akaufumua ule mpira wote ukatapakaa sakafuni. "Unatuzuia njia. Mtunza Stoo, uweke vizuri."

Mtunza Stoo aliukusanya kama nguo chafu, akaubwaga kwenye ndoo.

"Meneja?"

Meneja aliushika kwa vidole viwili, akauburuta hadi ukutani, akaufuta mkono wake.

"Nahodha, hebu wewe."

Ramani alicheka, akachutama. Mkono ulimtangulia akili. Alianza na ncha katikati, akazungusha bapa, duara juu ya duara, kama anavyolaza kamba ya boti kila anapofunga gatini. Duara la nne likamfia mkononi.

"Umeukuta hivyo hivyo asubuhi, sivyo, Fundi?" aliuliza Inspekta.

"Hivyo hivyo. Na mimi hutundika."

Ramani alibaki amechutama. "Mzee alikuwa anakata pumzi," alisema mwishowe. "Njia ya kina ingetuchelewesha, na bahari ilikuwa imekupwa. Nikasema nitapenya juu ya fungu. Nilitaka kumwahisha, naapa."

"Hilo lingeitwa haraka," alisema Inspekta. "Chumvi ya jikoni tuiiteje?"

"Wangesema Ramani kapanda mchanga. Miaka yote hii... ningekuwa kichekesho." Akamgeukia Fundi. "Nisamehe, dada."

"Usiniombe mimi kwanza! Mwangalie huyu!"

Binti wa marehemu alikuwa amekaribia. Hakupiga kelele. "Jana ulikaa karibu yangu msibani. Ulinishika mkono, ukaniambia baba yangu kauawa na uvivu wa mwanamke. Nikakushukuru."

Inspekta alimshika Ramani kwapani, akamwinua.

Binti akamtazama Fundi. "Angepita njia ya kina, baba angefika?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Sijui, mdogo wangu," alisema Fundi. "Ila injini ingefika. Hilo naapa."

Inspekta alipotoka na Ramani, Meneja alijikohoza. "Basi, dada, yamekwisha. Jina la kituo nalo tulitunze. Nenda nyumbani upumzike, haya tutayamaliza wenyewe kimya kimya."

"Kimya kimya?" Fundi alifungua milango yote miwili ya karakana. Nje, wafanyakazi walikuwa wamesimama makundi makundi. "Asubuhi ulinichafua pale uwanjani, kila mtu akisikia. Nitasafishwa pale pale. Twende."

Meneja alitazama huku na huku, akakosa pa kujificha, akatoka. Akasimama mbele ya watu, akaanza kunong'ona jambo kwa viatu vyake.

"Sauti, Meneja," alisema Fundi. "Wa nyuma hawajasikia."