Pakia Gari Kwanza, Ndipo Uchague Tairi

Asubuhi kwetu huanza na kelele za bomba. Maji hutoka kidogo, tena kwa kukohoa, kwa sababu wanaosimamia maji wana matangi makubwa majumbani kwao. Binti yangu hukinga ndoo. Mumewe hupiga mswaki uani huku akilitazama gari lao. Mimi hunywa chai na kunung'unika. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, "Nung'unika, baba, lakini chai isipoe." Sasa hakuna wa kunikatiza.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya milango minne. Walilinunua halina hata rangi ya kueleweka, wakalitengeneza kwa mikono yao. Mkwe wangu ni fundi umeme. Aliweka taa, betri ya pili na friji ndogo. Binti yangu alishona mapazia na kufunga hema juu ya paa. Ukivuta kamba, hema linafunguka, na ngazi inashuka yenyewe. Mara ya kwanza kuliona nilisimama mdomo wazi. Kama ofisi za serikali zingefanya kazi kama hema lile, nchi ingekuwa mbali.

Walitaka kuwapeleka watu porini kwa malipo. Wapike huko, walale huko, kisha warudi. Wageni wa kwanza walikuwa wameshapatikana, walimu wawili na mama yao mzee. Dereva ni binti yangu.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Njia ile ya porini naijua. Tulikuwa tunampeleka mke wangu hospitali, gari tulilopanda likazama kwenye tope. Tulisukuma mpaka mikono ikachubuka. Hakufika. Barabara ile ilikatiwa utepe wa uzinduzi, watu wakapiga makofi, na changarawe haikumwagwa hata toroli moja. Siku ile tuliyozama, gari la mkubwa mmoja lilitupita, likatumwagia tope. Matairi yake yalikuwa makubwa, yanafika kiunoni. Halikusimama.

Tangu siku ile nikajua jambo moja tu, kwamba tairi kubwa ndilo linalomrudisha mtu nyumbani.

"Tafuteni makubwa kuliko yote," niliwaambia. "Nina mtoto mmoja tu mimi."

Mkwe wangu akaazima matairi mawili makubwa kwa rafiki yake, akayafunga mbele ili tujaribu kabla ya kununua. Akazungusha usukani kulia, akauzungusha kushoto. Tairi halikugusa kitu. Tukafurahi.

"Mwite mama mdogo aje aone," nilimwambia binti yangu.

Huyo mama mdogo ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ni fundi wa matairi. Zamani alifanya kazi kwenye karakana ya barabara, mpaka wakubwa walipouza mitambo na kuwaaga wafanyakazi kwa soda. Akafungua karakana yake mwenyewe. Sijaona mtu anayetoa tairi kwenye ringi kama yeye. Analivua kama mtu anavyomvua mtoto shati.

Alikuja, akalizunguka gari.

"Shikamoo, mama mdogo," binti yangu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari limevaa viatu vya babu yake?"

"Si limependeza, mama?" mkwe wangu aliuliza.

"Limependeza! Nani kasema halikupendeza? Mnakwenda porini au harusini?"

"Shemeji, usianze," nilisema. "Tumejaribu. Linageuka bila kugusa."

"Likiwa na nini ndani?"

Mkwe wangu akachungulia kiti cha nyuma.

"Likiwa tupu," binti yangu alijibu.

"Basi hamjajaribu. Mmelipiga picha tu. Pakieni."

Tukapakia. Madumu ya maji, yote yamejaa. Mtungi wa gesi, friji, viti, masufuria, mablanketi. Badala ya mizigo ya wageni tukaweka viroba vya mchanga. Gari likashuka taratibu, kama mzee anayekaa kitini. Nafasi kati ya tairi na fenda, lile bati la juu ya gurudumu, ikapungua. Niliiona kwa macho yangu.

"Sasa wageni," shemeji alisema. "Wewe, mkwe, kaa nyuma. Mwite na mwenye duka hapo jirani. Shemeji, wewe mbele. Wewe ni wageni wawili."

"Mimi?"

"Baada ya wali wa mchana, watatu."

Binti yangu alicheka mpaka akashika mlango. Mwenye duka alipopanda nyuma, binti yangu akakaa kwenye usukani.

Mbele ya nyumba yetu kuna rundo la kifusi. Watu wa manispaa walilimwaga wakisema wanajenga mfereji. Mfereji hatujauona. Shemeji akamwelekeza binti yangu apandishe gurudumu moja la mbele juu ya rundo lile, polepole sana.

"Simama hapo. Zungusha usukani mpaka mwisho. Sasa sogea kidogo."

Krrrr!

Sauti ilitoka chini ya miguu yangu. Nilihisi sakafu ikitetemeka.

"Simama!" shemeji alipiga kelele. "Shukeni mwone."

Tukashuka. Tairi lilikuwa limekwaruza fenda kwa ndani. Kipande chembamba cha mpira kilining'inia.

"Hapa ni mlangoni kwenu," alisema. "Fikiria uko kwenye korongo. Gari limejaa, gurudumu moja liko juu ya jiwe, unataka kukata kona, tairi linakwama kwenye bati. Au linachanika."

Nilimtazama binti yangu.

"Basi tulinyanyue gari," nilisema. "Waweke springi ndefu."

"Na hema liko juu ya paa? Ukilinyanyua, uzito wote unakwenda juu. Kwenye mteremko wa upande gari litayumba. Na tairi kubwa ni zito. Breki zinapata tabu, mafuta yanakwisha haraka. Na mshale wa mwendo unadanganya. Utasoma themanini, kumbe gari linakimbia karibu tisini."

"Mshale unadanganya?" niliuliza. "Nao umeingia siasa?"

"Haukosei kwa kupenda, shemeji. Umepangwa kwa tairi lililotoka na gari."

Akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Pale watengenezaji wa gari wameandika tairi linalofaa na kiasi cha upepo. Nimepanda magari maisha yangu yote, sikuwahi kukisoma. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, ambalo lilikuwa bado na tairi la zamani.

"Soma hapa ubavuni, mwanangu."

"245/70 R16."

"Namba ya kwanza ni upana, kwa milimita. Sabini ni kimo cha ubavu. Yaani ubavu ni asilimia sabini ya upana. Kumi na sita ni ringi, kwa inchi. Ringi yako ni kumi na sita, usilete kumi na saba. Sasa, mnaweza kupanda hatua moja tu. 265/70 R16. Pana kidogo, refu kidogo, na ubavu mnene wa kupokea mawe. Nalo tutalipima hivihivi, gari limejaa."

"Na hii mia na kumi na mbili?" Mkwe wangu alikuwa anasoma tairi la ukubwa huo kwenye simu.

"Hiyo ni namba ya uzito. Si kilo mia na kumi na mbili. Ingekuwa hivyo, shemeji angelipasua kwa kulitazama. Ina jedwali lake. Mia na kumi na mbili maana yake tairi moja linabeba kilo elfu moja mia moja na ishirini. Usinunue tairi lenye namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwa gari lako. Na spea iwe ya ukubwa uleule. Tena ukubwa huu unapatikana hata kwenye maduka madogo ya njiani. Yale makubwa, likipasuka moja, utangoja wiki."

Nikasema kile kilichokuwa kinaniuma. "Lakini shemeji, gari letu siku ile lilizama. La mkubwa halikuzama."

Akafuta mikono yake kwa kitambaa. Marehemu alikuwa dada yake.

"Nililiona gari lenu lile baadaye," alisema. "Matairi yalikuwa hayana meno kabisa. Vipara. Na lilikuwa limejazwa kupita kiasi. Meno ndiyo yanayoshika tope, shemeji. Ukubwa peke yake haushiki kitu."

"Na barabara?"

"Barabara waulize wenye mkasi wa utepe."

Tukanunua matairi matano ya ukubwa aliousema, moja likiwa la spea. Tukapakia tena, tukapanda tena kifusi. Usukani ulizunguka mpaka mwisho, kimya kabisa. Naweza kusema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo kifusi kile kimefanya. Shemeji akamfundisha binti yangu kupunguza upepo kidogo kwenye mchanga, na kuujaza tena kwa pampu kabla ya kurudi lami. Akamrudisha arudie mpaka mikono yake ikaenda yenyewe.

Wakaondoka. Sitawaambia nilikaaje siku zile.

Waliporudi, nilisikia honi nikatoka mbio. Walimu walishuka wakiongea kwa pamoja. Mama yao alisema amelala kwenye hema vizuri kuliko kitandani kwake. Jiwe lilikuwa limechana tairi moja, lakini binti yangu alifunga spea mwenyewe, na kwenye duka la njiani akapata tairi jipya la ukubwa uleule. Pale kwenye tope, pale ninapopajua mimi, gari lilipita.

Niliinama, nikashika gurudumu la mbele. Matope yalikuwa yamejaa katikati ya meno.

"Baba," binti yangu aliita kutoka kwenye usukani. "Mimi niko huku juu. Unayapa pole matairi kabla yangu?"

"Ngoja zamu yako," nilimjibu. "Vumbi limeniingia machoni."

Gari zima lilikuwa limelowa matope mabichi. Lakini hakuna aliyenisahihisha.